Matokeo ya Kidato cha Nne Moshi: Kutoka Ubao wa Matangazo hadi Programu ya Kompyuta

Wakazi wa Moshi wenye umri wa kutosha wanakumbuka matokeo ya kidato cha nne, yanayotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) lililoundwa kwa sheria ya 1973, yakibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, na mzazi wa Marangu aliyetaka kujua hali ya shule ya Machame alilazimika kufunga safari au kungoja magazeti. Matokeo yalipohamia mtandaoni, foleni nazo zilihamia kwenye vibanda vya intaneti mjini, ambako ukurasa wa shule moja ulichapwa na kupandishwa mlimani kwa daladala.

Katika kurasa hizo, ukurasa mkuu huorodhesha shule, na kila jina ni kiungo kinachofungua jedwali lenye namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, daraja na alama za masomo. Kulinganisha shule za Weruweru, Umbwe na Lyamungo kwa macho kunawezekana, lakini kwa mkoa mzima kazi hiyo huchosha na kuzaa makosa, ndipo ikahitajika programu ya kukusanya data, yaani maelekezo mafupi, aghalabu kwa lugha ya Python, yanayoiagiza kompyuta ichukue viungo vyote, kisha kwa kitanzi, ambacho ni amri inayojirudia, ifungue kila ukurasa, idondoe mistari ya jedwali na kuiweka kwenye faili moja.

Ugumu hauko kwenye kitanzi. Matokeo ya 2014 yalitolewa kwa mfumo wa wastani uitwao GPA, na madaraja yakarudi mwaka uliofuata, hivyo programu iliyozoea kusoma daraja la kwanza, linaloanzia pointi 7, hukwama au, vibaya zaidi, hujaza safu kimakosa bila kulalamika. Kwa sababu hiyo, nakala ya kila ukurasa ihifadhiwe kama ilivyo kabla ya kudondolewa.

Umuhimu wa kazi hii uliongezeka Januari 2023, NECTA ilipoacha kutangaza shule bora. Uamuzi huo una hoja nzito, lakini wilaya bado inahitaji kujua ni wapi hisabati inaanguka. Anayekusanya na apumzishe programu sekunde chache baada ya kila ukurasa ili asiielemee seva, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa hizo, na anapochapisha jedwali lake afute namba za watahiniwa na kuonyesha idadi yao kwa kila shule.