Mzigo Hukaa Njiani

Bajaji ya kwanza niliyompelekea mdogo wangu ilifika Songea imelalia ubavu. Vijana wa kupakia walikuwa wameifunga kwa kamba ya manila, upande huu usukani, upande ule nguzo ya hema, wakavuta mpaka shokapu za mbele zikalala kabisa. Niliishika kwa mikono miwili nikaitikisa, wala haikutingishika. Nikalipa, nikarudi nyumbani moyo umetulia. Mdogo wangu alipofungua mlango wa bodi la lori alikuta kioo cha mbele kimepasuka, nguzo imepinda, na kamba ziko sakafuni kama nguo zilizodondoka kwenye waya.

Ya pili niliisindikiza mwenyewe. Toka Dar es Salaam hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900, na mtaji wote wa mdogo wangu ulikuwa ndani ya lori lile.

Utingo alikuwa mtu mzima, rika la marehemu baba. Nilimwamkia, akaitikia, akaingia ndani ya bodi na kurunzi mdomoni. Lilikuwa bodi la kufungwa pande zote, giza na joto vimejazana humo. Kwanza alifunga bomba la mafuta, kisha akachomoa waya wa betri, kwa sababu mvuke wa petroli ukikosa pa kutokea, cheche moja inatosha. Halafu akachuchumaa mbele ya tairi la mbele, akalitazama kwa muda.

“Mama, hii ina miguu mitatu,” akaniambia. “Mbele huku, pembeni mwa hili tairi, haina mguu wa kuegemea. Ikisukumwa kona, inalala.”

Akasogeza bajaji hadi tairi likagusa ubao uliopigiliwa karibu na ukuta wa mbele, maana dereva akikanyaga breki mzigo wote hukimbilia mbele, na chombo hiki kinapita kilo 300, injini ikiwa nyuma. Akaweka gia ya kwanza, akavuta hendobreki, akapachika kabari za mbao mbele na nyuma ya kila tairi. Alipotoa mikanda yake minne ya kukazia, nikamwonyesha usukani. Akatikisa kichwa.

“Hizo ni nguo. Tunafunga mifupa.”

Miwili aliipitisha chini kabisa ya uma wa mbele, karibu na ekseli, mmoja kulia mmoja kushoto, ikivuta mbele na pembeni. Miwili mingine akaishikiza kwenye mikono ya chuma inayobeba matairi ya nyuma, hiyo ikivuta nyuma. Kila palipogusa chuma chenye makali aliweka kipande cha mpira wa tairi kuukuu. Alipomaliza nilisukuma mwili wa bajaji, ukanesa juu ya springi zake. Nikaingiwa na wasiwasi. Akanieleza kwamba ndivyo inavyotakiwa: miguu ishikwe, mwili uachiwe upumue. Ukiulaza mwili kwa nguvu, kwenye tuta utashuka zaidi, kamba italegea, kisha utapanda kwa kishindo na kuikata. Hapo nikaelewa kilichoikuta bajaji ya kwanza.

“Tukifika Vigwaza tunaangalia tena,” akasema. Nilidhani haiamini kazi yake.

Vigwaza tulipita mizani, dereva akaegesha pembeni, mzee akafungua mlango. Pale yadi tulipopakia, mkanda wa kushoto ulikuwa ukigongwa kwa kidole unalia. Sasa vidole viwili vilipita chini yake. Nilikagua ndoano, nikakagua racheti. Hakuna kilichofyatuka. Hakuna aliyekosea.

“Mzigo umekaa,” mzee akasema huku akikaza. “Kule yadi ulikuwa umesimama tu.”

Nilirudi kwenye kiti changu, kwa muda mrefu sikuzungumza na dereva. Nilikuwa namwaza mama.

Baba alipofariki, tulipomaliza arobaini tulikaa watoto wote tukapanga. Nani atalipa umeme, nani ataleta mahindi, mjukuu yupi atalala kwa bibi. Tuliandika kwenye daftari, kila mmoja akataja sehemu yake kwa mdomo wake. Tulimfunga mama vizuri, na tulimfunga kwa upendo. Tukaondoka. Mwezi wa nne nilifika bila taarifa. Gunia la mahindi lilikuwa palepale nyuma ya mlango, uzi wa kushonea haujaguswa, kwa sababu aliyetakiwa kulipeleka mashineni alikuwa mjukuu yule, naye alishakwenda shule ya bweni. Mama alikuwa akinywa chai na kiazi kimoja, jioni. Hakuwa amemlalamikia mtu.

Siku ile niliwapigia ndugu zangu simu za ukali, mmoja baada ya mwingine. Nilitafuta aliyezembea. Nikawataka watu wafunge upya na wakaze zaidi, kana kwamba mpango ulikuwa mbovu tangu mwanzo. Sasa naona haukuwa mbovu. Ujane wa mama ulianza watu walipotawanyika. Wakati tunaandika daftari nyumba ilikuwa bado imejaa, huzuni yake haijapata pa kukaa. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama njiani, mapema, afungue mlango na kupitisha kidole chini ya mkanda. Hasira ile niliiacha Vigwaza, na Njombe nilimpigia kaka kumwomba radhi.

Lakini kabla ya Njombe kulikuwa na Ruaha Mbuyuni. Tulishapita kilomita 50 hivi za Hifadhi ya Mikumi na matuta yake, na mbele yetu kulikuwa na kona za mlima Kitonga. Mzee alishuka kukagua. Nami nikashuka, nikapiga simu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kuna nini?”

“Hamna kitu. Nilitaka kujua kama mahindi yameshasagwa.”

Akanyamaza. Halafu akaanza kunisimulia siku yake tangu alfajiri, kuku, jirani, goti linalomuuma. Nyuma yangu, ndani ya bodi, nilisikia racheti ikilia mara moja, ikatulia, ikalia tena.