Bendera Ilipobaki Shimoni

Miaka ya 1980, ubora wa kedi, yaani mbeba mikoba ya wanagofu, pale Malindi ulipimwa kwenye grini, pale penye shimo, kwa namna alivyoshika bendera. Kanuni ya wakati huo ilikuwa kali: mpira uliopigwa kutoka kwenye grini ukigonga kijiti cha bendera kikiwa shimoni, mchezaji alitozwa mikwaju miwili. Kwa hiyo kabla mchezaji aliye mbali hajapiga, kedi alikwenda shimoni akakishika kijiti, na mpira ulipoanza kusogea akaking'oa. Ukisimuliwa utadhani ni kazi ya mtoto. Mchanga ukiingia kwenye kikopo kijiti hukwama, basi ilibidi ukilegeze mapema, polepole, usije ukavunja ukingo wa shimo. Kitambaa ulikikunja ukakibana kwa vidole, maana kusi likivuma bendera hupigapiga na kumtoa mchezaji kwenye fikira zake. Kivuli chako kisipite juu ya shimo, na nyayo zako zisikanyage njia ambayo mpira utapita. Na yote hayo uyafanye bila kukohoa.

Mimi nilikuwa kijana wa shule, na likizo zangu zote ziliishia kwenye benchi la makedi. Aliyetufunza alikuwa mzee mmoja wa Kigiriama aliyeanza kubeba mikoba Mombasa kabla ya uhuru, katika klabu ile ya mwaka 1911 inayotazama mlango wa bandari ya Kilindini. Mzee huyu hakujua kusoma, lakini kanuni alikuwa nazo kichwani kuliko wanachama wengi waliokuwa na kitabu cha kanuni hizo mfukoni. Akikuona umeegemea kijiti, utamsikia kutoka mbali: “Weye kijana! Hiyo bendera si fimbo ya kuchungia mbuzi!” Na ukimuuliza kwa nini jambo fulani linakatazwa, hakuwa na jibu refu. “Ndivyo inavyochezwa, mwanangu.”

Mwaka wa gofu ulianza Januari, karatasi ya kalenda ilipobandikwa ubaoni ndani ya klabu: siku ya kapteni, siku ya kapteni wa kina mama, vikombe vya kila mwezi, mechi za nyumbani na za ugenini dhidi ya klabu za Mombasa. Ubao ule sisi hatukuufikia. Kedi hakuingia ndani. Kalenda yetu ilikuwa ya pepo na mvua. Kaskazi lilileta wageni, na kuanzia Desemba hadi Machi hakuna aliyekaa benchini hadi adhuhuri. Aprili mvua kubwa ikaanza, kiwanja kikalowa, wageni wakarudi kwao, na kedi mwenye watoto akatafuta kibarua cha shamba au akaenda kuvua. Kusi lilipokamata vizuri ndipo klabu ilipochezewa na wenyeji wake, mpaka Agosti, Waitaliano walipofika kwa likizo yao na mikoba ikaongezeka tena.

Mechi za ugenini ndizo tulizozipigania. Kwenda Nyali ilikuwa safari kwelikweli, kwa sababu Kilifi ilivukwa kwa feri. Ungeweza kukaa kwenye foleni ukala korosho hadi ukashiba, huku wachezaji wakitazama saa zao na kapteni akihesabu dakika. Aliyechelewa muda wake wa kuanza aliadhibiwa, na kanuni haikujali feri. Daraja la Kilifi lilipofunguliwa 1991, ugomvi huo uliisha siku moja. Nadhani daraja lile liliibadilisha gofu ya pwani kuliko kanuni yoyote iliyotungwa Uskoti, ingawa wanagofu hawapendi kusikia hivyo.

Kanuni zenyewe zilikuwa na mwenendo wa konokono. Za kwanza zinazojulikana ziliandikwa Leith mwaka 1744, vifungu 13 tu. Tangu 1952 R&A ya St Andrews na chama cha Marekani, USGA, huzitoa kwa pamoja, na kwa kawaida hupitiwa kila miaka minne. Mzee wetu alikumbuka zama za kuudondosha mpira ukiwa umesimama wima, unautupa nyuma kupitia begani bila kuutazama. Kuanzia 1984 mchezaji aliunyoosha mkono mbele usawa wa bega akauachia. Kwetu tuliokulia benchini, hayo ndiyo yalikuwa mageuzi makubwa.

Kanuni iliyotutesa zaidi pwani ilikuwa ya upepo. Mchezaji akishajiandaa kupiga, fimbo iko nyuma ya mpira, kusi likausukuma mpira hata kidogo, adhabu ilikuwa mkwaju mmoja. Kwamba ni upepo na kila mtu kauona, haikusaidia. Nimewaona watu wazima wakiondoka kwenye grini wamekunja uso kwa ajili ya adhabu hiyo, na sikuwalaumu. Mwaka 2012 ililegezwa: ikijulikana hakika kwamba si mchezaji aliyeusogeza, hana adhabu. Mwaka 2019 wakaongeza jambo la busara: mpira uliokwisha kuinuliwa na kurudishwa mahali pake kwenye grini, upepo ukiuhamisha, unarudishwa ulipokuwa. Kwa klabu ya bara hilo ni jambo dogo. Kwa anayecheza kando ya bahari mwezi wa Julai, ni haki iliyochelewa.

Tarehe 1 Januari 2019 ndipo kitabu kizima kilipoandikwa upya, kanuni 34 zikawa 24. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa miaka mingi, nimekuwa mwanachama, tena nimetiwa kwenye kamati ya mashindano, basi kazi ya kuwaeleza wenzangu ikaniangukia. Walifurahi sana. Mpira sasa unadondoshwa kutoka usawa wa goti. Alama za viatu kwenye grini unaweza kuzisawazisha. Kugonga mpira mara mbili kwa bahati mbaya katika mkwaju mmoja si adhabu tena. Kijiti cha bendera waweza kukiacha shimoni ukapiga, mpira ukakigonga ukaingia, na hakuna wa kukudai kitu.

Mimi nilifika hapo kwenye bendera nikasita. Ule ustadi wote wa kulegeza, kukunja, kusimama na kuepusha kivuli ulifutwa kwa sentensi moja. Kijana aliyeanza kazi mwaka ule huenda asijue kamwe kwamba palikuwa na jambo la kujifunza pale. Kisha ikaja ile ya kusimama nyuma. Zamani kedi hodari alijipanga nyuma ya mchezaji, mstari mmoja na shimo, akamwambia “kushoto kidogo, hapo hapo,” mpaka miguu ya mchezaji imekaa sawa. Sasa mchezaji akianza kuweka miguu, kedi asiwe nyuma yake kwenye mstari huo. Akiwapo, na mchezaji asijitoe ajipange upya, ni mikwaju miwili katika mashindano ya kuhesabu mikwaju.

Tusiseme kedi alinyang'anywa tu. Alipewa ruhusa ya kuweka alama na kuinua mpira kwenye grini bila kuagizwa kila mara. Na muda wa kutafuta mpira uliopotea ulipunguzwa kutoka dakika tano hadi tatu, jambo lililomwongezea thamani kedi mwenye jicho. Katika majani ya pwani baada ya mvua, dakika tatu hupita upesi. Aliyeutazama mpira hadi ulipoangukia, akachagua mti wa kuulenga, ndiye anayeokoa mkwaju. Mkono wa bendera ulishuka bei, jicho likapanda.

Kiwanja kilichonionyesha mabadiliko hayo vizuri kuliko vyote kiko Vipingo, kati ya Mtwapa na Kilifi. Wa zamani tunaikumbuka ile sehemu kama mkonge mtupu, mistari na mistari ukiwa ndani ya matatu. Juu ya tuta la hapo, David Jones wa Ireland Kaskazini, ambaye mwaka 1989 alikuwa ameshinda Kenya Open, alichora kiwanja cha mashimo 18 kinachoitwa Baobab, yaani mbuyu, na mibuyu ipo. Hapo ndipo kanuni ya 16.2 hupata maana. Mpira ukilala karibu na nyoka mwenye sumu au nyuki, unausogeza mahali salama bila adhabu, kwa kuwa kanuni inawatambua wanyama wa hatari. Lakini ukilala kwenye miiba, hupati unafuu wowote, maana mmea haumo. Tumbili akiuiba mpira uliotulia, na mmemwona, unaweka mwingine pale ulipokuwa na unaendelea. Mkonge ukikuchoma, ni shauri yako.

Vipingo ndipo yalipofanyika mashindano ya Magical Kenya Ladies Open kwa mara ya kwanza, Desemba 2019, mwaka ule ule wa kanuni mpya, yakiwa ya mwisho katika msimu wa wanawake wa Ulaya. Esther Henseleit wa Ujerumani, wa miaka 20, alimaliza raundi ya mwisho kwa mikwaju 64 akatwaa kombe, na pamoja nalo nafasi ya kwanza ya msimu mzima. Alirudi 2022 akashinda tena. Mwaka 2023 alikuwa Aditi Ashok wa India, aliyewaacha wenzake kwa mikwaju tisa, na 2024 Shannon Tan wa Singapore. Nilikuwa miongoni mwa watazamaji, na kila mara nilijikuta nikimtazama kedi kuliko mchezaji. Nilikumbuka pia kwamba klabu ya kale ya St Andrews, iliyoanzishwa 1754, iliwakubali wanawake kuwa wanachama mwaka 2014 tu. Kina mama wa Malindi walikuwa na kapteni wao na siku yao kwenye kalenda nikiwa bado nabeba mikoba.

Handikapu, ile namba inayopima uwezo wa mchezaji, nayo ilihama. Zamani ilikaa kwenye sanduku la kadi, na katibu wake aliogopwa. Wanaume walikomea 28, wanawake 36, na mtu mwenye kadi mbaya alimwendea katibu kwa maneno matamu. Mfumo wa dunia nzima ulioanza 2020 hutafuta wastani wa raundi nane bora kati ya 20 za mwisho, unafika hadi 54, na unausoma kwenye simu. Fitina imepungua. Wasiojiamini wamejitokeza kucheza, na hilo ni jema. Lakini handikapu hutolewa kupitia klabu, na asiye mwanachama hana. Kedi anayecheza Jumatatu, siku ambayo klabu nyingi za Kenya huwaachia makedi kiwanja, anaweza kumshinda nusu ya kamati na asiwe na namba hata moja ya kuonyesha.

Jambo moja halikubadilika, nalo ndilo linaloniudhi. Kanuni mpya zilipokuja, klabu ziliwaita wanachama, zikawaonyesha, zikawagawia vijitabu. Benchi halikuitwa. Katika shindano moja la pwani, mwaka ule wa 2019, kijana mmoja alisimama nyuma ya mchezaji wake kama alivyofunzwa na waliomtangulia, akampanga vizuri, mpira ukaingia. Mshindani akadai kanuni, na alikuwa na haki. Mikwaju miwili. Mchezaji akamfokea kijana mbele ya watu, na kijana akauliza kwa sauti ya chini: “Lakini mzee, hiyo imekatazwa lini?” Hakuna aliyemjibu, ingawa sote pale tulikuwa tumehudhuria darasa la Januari.

Kitabu chenyewe kinasema kedi akivunja kanuni adhabu ni ya mchezaji. Basi hata kwa faida yao wenyewe, wanachama walipaswa kuwa wa kwanza kutaka kedi ajue. Marekebisho ya 2023 yalipofika, nilikwenda benchini nikiwa na karatasi zangu, tukakaa asubuhi nzima. Waliuliza maswali mazito kuliko niliyoulizwa ndani ya klabu, hasa kuhusu fimbo iliyovunjika katikati ya raundi: sasa inaweza kubadilishwa, mradi mchezaji hakuivunja kwa hasira. Walicheka sana hapo, na kila mmoja alikuwa na jina la mtu akilini.

Naziomba kamati za klabu zetu, kuanzia Malindi hadi Diani: darasa la kanuni la Januari lisifanyike bila makedi kualikwa. Na siku kalenda ya mwaka inapobandikwa ubaoni, kanuni za kiwanja zibandikwe pia penye benchi la makedi, kwa Kiswahili.