Tulimwambia Mzee «Sasa Hivi»

Katika kazi yetu ya ukatekista tunaombwa mambo mengi yasiyo ya katekisimu. Wengine hutuletea mahesabu, wengine ugomvi wa mashamba, wengine barua za kusomewa. Katika barua hizo tulipata siku moja fundisho ambalo hatujalisahau.

Mzee mmoja wa kijiji chetu, upande wa Katanga, alikuwa na mjukuu huko Johannesburg, Afrika ya Kusini. Kijana huyo alizaliwa kule kule. Kiswahili hakijui, Kifaransa hakijui. Baba yake alipokufa, akaanza kumwandikia babu yake kwa Kiingereza. Sisi seminarini tulifundishwa Kilatini na Kifaransa. Kiingereza tulijifunza wenyewe jioni, kwa kamusi moja iliyochakaa. Lakini kijijini hapakuwa na mwingine, basi mzee akatuletea barua.

Mwisho wa barua kijana aliandika ya kuwa anakuja kumwona babu yake, akatia maneno mawili: «just now». Tukafungua kamusi. «Now» ni sasa. «Just» ni hasa, ni barabara. Tukafurahi kuona jinsi maneno yao yanavyopatana na yetu. Tukamwambia mzee: «Baba, mjukuu wako anakuja sasa hivi.»

Mzee akaamka kama kijana. Akafyeka njia ya kwake, akakandika nyumba upya, akanunua mbuzi kwa feza ya kukopa. Kila asubuhi alikaa kando ya barabara akitazama magari. Juma la kwanza likapita, na la pili. Mwezi wa pili mbuzi akauzwa kwa kulipa deni. Barua nyingine ilipofika, mzee hakutaka kusomewa. Akasema: «Mtoto anayenidanganya mimi mzee si wa damu yangu.»

Neno hilo lilituchoma. Tulipofika Lubumbashi, tukamwuliza mama mmoja mchuuzi aliyekaa Johannesburg miaka mingi. Akacheka sana. «Mwalimu, kule "just now" si sasa hivi! Ni baadaye. Labda jioni, labda kesho, labda siku nyingine. Mwenye kuja upesi husema "now now".»

Kumbe mjukuu hakudanganya. Tuliodanganya ni sisi, na kamusi mkononi.

Tangu siku ile tulianza kuchungua maneno ya Kiingereza ya namna hii, tukaona ugonjwa wao ni mmoja. «Soon» leo ni baada ya kitambo; lakini katika Kiingereza cha kale neno hilo, lililotamkwa «sona», lilikuwa papo hapo. «Presently» nalo lilikuwa papo hapo, kisha likawa bado kidogo. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, binti ya Herodia anataka kichwa cha Yohane «by and by», maana yake bila kukawia. Msomaji wa leo asiyeambiwa atadhani binti yule alikuwa na subira.

Na «anon»? Asili yake ni maneno mawili ya kale, «on an», yaani katika moja. Tazameni: ni ndugu wa «mara moja» yetu! Lakini nalo lilichoka. Shakespeare, katika mchezo wake wa mfalme Henry wa Nne, anaonyesha sababu. Mtumishi wa nyumba ya pombe anaitwa chumba cha pili. Kila akiitwa anajibu «anon», lakini miguu haiendi. Neno linakimbia, mtu amesimama. Likisemwa hivyo miaka mingi, mwishowe neno lenyewe linajifunza kukawia.

Tusiwacheke Waingereza. Sisi husema «nakuja», huku tukimpa mtu mgongo. Fundi wa nguo husema «sasa hivi», na kitambaa hakijakatwa. Hata «moment» lilikuwa na kipimo chake: zamani huko Ulaya saa moja iligawanywa katika momenta 40, kila moja karibu dakika moja na nusu. Leo karani akikuambia ngoja «moment» moja, tafuta kivuli ukae. Maneno haya hayachakai yenyewe. Tunayachakaza sisi kwa kutotimiza.

Basi tukarudi kijijini, tukaenda kwa mzee jioni. Ilikuwa vigumu, kwa sababu watu walituita wenye elimu. Tukasema: «Baba, mjukuu wako hakusema uongo. Sisi tulisoma vibaya. Mbuzi wako na aibu yako ni juu yetu.» Mzee akanyamaza muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akaitoa ile barua ya pili, ambayo hakuitupa. «Soma. Lakini polepole.»

Kijana aliandika ya kuwa anangoja ruhusa ya kazi, na kwamba atafika «soon». Safari hii hatukuthubutu kutafsiri. Tuliandika jibu: «Babu yako anaomba tarehe.» Jibu likafika lenye tarehe ya mwezi wa Desemba, na tarehe ile ile kijana akashuka garini. Mbuzi hakuwapo, walikula kuku. Mzee alimshika mjukuu mkono, na hapo hapakutakiwa mkalimani.

Ndugu wasomaji, tangu hapo mtu akituambia atakuja, tunamwuliza siku na saa. Nasi tukiombwa, tunajaribu kufanya vivyo hivyo. Hatujashinda bado. Juzi mzee alituita kutoka uani kwake tumwandikie barua. Tulikuwa katika mazungumzo, tukamjibu kwa sauti: «Tunakuja sasa hivi, baba!»

Naye akauliza: «Sasa hivi ya hapa, au ya Johannesburg?»

Tukaacha mazungumzo, tukaenda.