Moteri ya pili si ya akiba

Lubumbashi. Katika komini ya Katuba kuna kijana ambaye hajapanda ndege hata siku moja, lakini karibu kila jioni, umeme ukiwepo, anaruka kutoka uwanja wa Luano. Anaruka kwenye kompyuta ya zamani, kwa FlightGear, programu ya bure ya kuigiza urubani. Alianza na Cessna 172, ndege ya mafunzo yenye moteri moja. Sasa ameingia kwenye ndege ya moteri mbili, na hesabu si ile aliyoidhani.

Kwa Cessna, moteri ikizimika hakuna mjadala: shusha pua, linda mwendo, tafuta pa kutua. Kwa moteri mbili, moja ikifa wakati wa kupaa, iliyo nzima inaendelea kuvuta, na pua inageukia upande wa iliyokufa. Mwendo ukishuka chini ya mstari mwekundu wa kipimo, usukani wa mkia hauwezi tena kuizuia, na ndege inapinduka. Tena, ndege ndogo ikipoteza nusu ya nguvu, inapoteza kama asilimia 80 ya uwezo wake wa kupanda. Luano, kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi na joto la Oktoba, kinachobaki ni kidogo sana. Safari zake za kwanza ziliishia majanini.

Walimu wa urubani husema: mguu usio na kazi ndio upande wa moteri iliyokufa. Kijana hana pedali, ana kibodi tu. Basi amejizoeza kutaja upande kwa sauti, kisha kupunguza gesi ya upande huo polepole. Kama hakuna kinachobadilika, ndiyo yenyewe. Hapo ndipo anaizima. Mdogo wake wa kike, wanaokaa chumba kimoja, ameshakariri: "Kushoto! Hakikisha! Zima!"

Haraka inaua. Tarehe 4 Februari 2015, huko Taipei, marubani wa ATR 72 ya TransAsia walizima moteri nzima badala ya mbovu. Watu 43 walikufa.

Saa za kijana huyu hazihesabiwi kwa leseni yoyote, na pesa za shule ya urubani hazipo. Wiki iliyopita alizunguka Luano kwa moteri moja, akatua salama. Kesho yake alirudia, akaanguka. Leo anasubiri umeme.