Mfuko wa Chakula cha Mbwa na Yaliyomo Ndani Yake

Zamani mbwa wa nyumbani hakuhesabiwa katika matumizi ya mwezi. Alipewa ukoko wa sufuria, mifupa ya siku ya mshahara na posho iliyolala. Akipungukiwa, alijitafutia mwenyewe. Siku hizi mambo yamebadilika. Katika maduka ya pembejeo ya Kampala, Jinja na Mbarara imepangwa mifuko yenye picha za mbwa wanaong'aa manyoya, na miongoni mwa wanunuzi wamo askari polisi, wanajeshi na wake zao. Mbwa aliye katika ua wa askari aghalabu si pambo. Yeye ndiye mlinzi wa mama na watoto wakati baba yuko lindoni, au yuko nje ya nchi kwa miezi mingi. Fedha ya kumlisha hukatwa kwenye sukari na madaftari ya shule, kwa hiyo yampasa anayeitoa ajue anachonunua.

Biashara yenyewe si ya jana. Katika miaka ya 1860 Mmarekani aitwaye James Spratt, aliyekuwa Uingereza kuuza vifaa vya kukinga radi, aliwaona mbwa wa bandarini wakigombania biskuti ngumu za mabaharia. Akaona mlango wa riziki, akatengeneza biskuti za mbwa zenye ngano, mboga na nyama. Tembe zinazouzwa leo zilikuja baadaye. Mwaka 1957 kampuni ya Purina ya Marekani ilianza kuuza chakula cha mbwa kilichopikwa kwa mtambo wa aina ile inayotumika kutengeneza nafaka za staftahi. Unga wa nafaka na unga wa nyama huchanganywa na maji na mvuke, husukumwa kwa nguvu katika bomba lenye joto linalopita nyuzi 100, hutokea kwenye tundu dogo, hukatwa, huvimba, kisha hukaushwa. Mwisho wa yote hunyunyiziwa mafuta pamoja na rojo la maini au matumbo yaliyosagwa na kulainishwa.

Hapo kwenye kunyunyiza ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Mtu hununua kilo moja ya kujaribia, humwagia mbwa, mbwa hufagia bakuli, na hukumu hutolewa palepale kwamba chakula ni kizuri. Kumbe mbwa amesifu kile kilichopakwa juu ya tembe, wala hajui kilicho ndani. Rangi nazo ni vivyo hivyo. Tembe nyekundu husemwa kuwa ya nyama na ya kijani kuwa ya mboga, lakini macho ya mbwa hayatofautishi vema nyekundu na kijani. Rangi hizo zimewekwa kwa ajili ya mwenye pochi.

Basi na ageuze mfuko asome mgongo wake, ambako maandishi ni madogo na picha hazipo. Kwa desturi ya viwanda vinavyofuata sheria, vitu vilivyotumika huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Uzito huo lakini ni wa kabla ya kupikwa. Kuku mbichi ni maji kwa kiasi cha asilimia 70 hivi; akiisha kukaushwa, yule aliyetajwa wa kwanza huenda akashuka chini ya mahindi. Unga wa nyama ya kuku, kwa kuwa umekwisha kukaushwa, hubaki na uzito wake, ijapokuwa jina lake halivutii. Kuna na hila nyingine ya karani mwerevu, nayo ni kugawa kitu kimoja mafungu. Mahindi huandikwa mahali pamoja, pumba za mahindi mahali pengine, na kiini cha mahindi mahali pa tatu, ili kila fungu lionekane dogo na nyama ibaki mbele ya foleni. Msomaji akiyakusanya mafungu hayo ataona nani hasa ndiye mwenye mfuko.

Chini ya orodha hiyo huwa na jedwali la viwango. Chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama cha Marekani, ambacho kanuni zake hufuatwa na viwanda vingi, hutaka chakula cha mbwa mzima kisipungue asilimia 18 ya protini na asilimia 5.5 ya mafuta, na cha mtoto wa mbwa au jike anayenyonyesha kisipungue 22.5 na 8.5. Hesabu hizo ni za chakula kilichoondolewa maji. Mfuko ukisema protini asilimia 26 na unyevu asilimia 10, gawanya 26 kwa 90. Jibu ni karibu 29. Mkebe wa chakula laini ukisema protini asilimia 8 na unyevu 78, gawanya 8 kwa 22 upate 36. Mtu asiyejua hesabu hii ataucheka mkebe, na mkebe hauna kosa.

Wanga aghalabu hauandikwi, lakini hupatikana kwa kutoa. Ikiwa protini ni 21, mafuta 9, maji 10, jivu 9 na nyuzinyuzi 4, jumla yake ni 53, na zile 47 zilizosalia ni wanga. Si sumu hiyo. Mbwa huuyeyusha wanga uliopikwa. Ila anayelipa bei ya nyama ajue kwamba karibu nusu ya mfuko ni nafaka. Jivu nalo lisipuuzwe. Ni yale madini yanayobaki chakula kikiunguzwa, na likizidi mno huashiria mifupa mingi au mchanga. Anayefahamu jinsi mukene wanavyoanikwa juu ya mchanga kwenye fukwe za ziwa hatahitaji kuelezwa zaidi. Twanga tembe chache, ziloweke, koroga, umwage taratibu. Mchanga, kama upo, utauona chini ya kikombe.

Hata hivyo jedwali lenyewe laweza kudanganya, na lilikwisha kudanganya. Maabara nyingi hazipimi protini yenyewe. Hupima naitrojeni iliyomo, kisha huizidisha mara 6.25. Mwaka 2007 iligunduliwa kwamba unga wa ngano kutoka China uliouzwa kwa viwanda vya chakula cha mbwa na paka huko Amerika ya Kaskazini ulikuwa umetiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni. Kipimo kikaona protini nyingi, mafigo ya wanyama yakaona mawe. Kampuni ya Menu Foods peke yake ilirudisha mikebe na pakiti zaidi ya milioni 60. Mwaka uliofuata kemikali ileile ilikutwa katika maziwa ya watoto wachanga nchini China; watoto wapatao 300,000 waliugua na sita wakafa. Mwenye kudhani kwamba habari za chakula cha mbwa ni mambo ya matajiri tu, na atafakari jinsi hatua ilivyokuwa fupi kutoka bakuli la mbwa hadi chupa ya mtoto.

Kwetu Afrika Mashariki adui aliye karibu zaidi ni mwingine. Ni sumukuvu, itokanayo na ukungu unaoota juu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Ilianza kutambuliwa Uingereza mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa kwa kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Mwaka 2004 ilishambulia wilaya za Makueni na Kitui nchini Kenya. Watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi ya nyumbani mwao. Wafanyabiashara wa Uganda hawajasahau Machi 2021, Kenya ilipoyazuia kwa siku kadhaa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyohiyo. Sasa mtu ajiulize: mahindi yanayokataliwa na binadamu huenda wapi? Mara nyingi huelekea kwenye vinu vya vyakula vya mifugo. Moto wa mtambo huua vijidudu, lakini sumu hii huvumilia joto na sehemu yake hupita salama hadi mfukoni. Hata nchi zenye maabara kila pembe hazikuokoka. Mwishoni mwa mwaka 2020 kampuni moja ya Marekani ilirudisha chakula cha mbwa chenye sumukuvu. Baadhi ya sampuli zilikuwa na 558 kwa kila bilioni, hali kiwango cha mwisho ni 20, na kufikia Januari 2021 zilikuwa zimepokelewa taarifa za vifo vya wanyama zaidi ya 110.

Katika kambi moja ya polisi koplo mmoja na mkewe walikuwa na mbwa jike wa miaka minne, mkali kwa wageni na mpole kwa watoto. Chakula chake kilinunuliwa kwa kupimiwa, kilo tatu tatu, kutoka gunia lililokaa wazi mlangoni pa duka, na kutiwa katika kaveera. Wiki moja ya mvua nyingi mbwa akaacha bakuli.

"Mama watoto, umemdekeza kwa dagaa," akasema mume, ambaye alikuwa anajiandaa kwenda zamu ya usiku.

"Baba watoto, mbwa huyu hajapata kukataa chakula tangu tumlete. Hebu njoo na taa umtazame macho."

Weupe wa macho ulikuwa umegeuka manjano, na fizi kadhalika. Asubuhi daktari wa mifugo alisema ini limeharibika. Akauliza jina la chakula, tarehe ya kutengenezwa na nambari ya toleo. Hakuna aliyeweza kujibu, kwani kaveera haina maandishi. Muuza duka naye alikuwa amekwisha kumaliza gunia hilo na kulichoma. Daktari hakuthibitisha kuwa ni sumukuvu, maana kipimo kilitaka maabara na fedha ambayo haikuwapo, lakini aliagiza kilichosalia kifukiwe, wala wasipewe kuku. Mbwa alikufa siku ya nne. Kwa miezi miwili iliyofuata, kila koplo alipokuwa zamu ya usiku, mkewe alilala na watoto wote katika chumba kimoja, na meza nyuma ya mlango.

Si kwamba mbwa yule angeokoka bila shaka kama kungekuwa na mfuko. Lakini mfuko uliofungwa kiwandani una nambari, na nambari ndiyo inayotajwa chakula kinaporudishwa. Una utando wa ndani unaozuia hewa na unyevu. Gunia lililo wazi huingiwa na panya, mende na umande wa kila asubuhi, na mafuta yaliyonyunyiziwa tembe huchacha. Mafuta yaliyochacha hunuka kama rangi ya mbao au karanga za mwaka jana; harufu hiyo pua ya mwanadamu huitambua. Sumukuvu haina harufu wala haionekani kwa macho, hivyo ukungu ukionekana ni heri kutupa chote kuliko kuchambua, na usipoonekana hiyo si hati ya usalama. Ndiyo maana kupimiwa kutoka gunia la wazi, hata kama ni nafuu kwa shilingi chache, ni biashara mbaya.

Na hiyo nafuu ya bei ichunguzwe pia. Chukua mfano wa mifuko miwili ya kilo 20, mmoja wa shilingi 120,000 na mwingine wa 180,000. Ule wa kwanza umejaa pumba, na mgongoni mwake imeandikwa kwamba mbwa wa kilo 30 ale gramu 600 kwa siku. Wa pili wasema gramu 400 zatosha. Mfuko wa kwanza utakwisha kwa siku 33, wa pili kwa siku 50, na gharama ya siku moja ni shilingi 3,600 kwa yote miwili. Tofauti itaonekana nyuma ya nyumba. Mbwa anayelishwa pumba hutoa kinyesi kingi na laini, na atakayekizoa ni mtoto wa nyumba hiyo kabla ya kwenda shule. Walezi wa mbwa wa polisi huanza kukagua hapo hapo, kabla hata ya kutazama manyoya. Kinyesi kidogo, kigumu kiasi, kisichobadilika toka siku hadi siku, ni cheti ambacho kiwanda hakiwezi kukichapisha.

Neno moja kwa wanaolea watoto wa mbwa wa Kijerumani, ambao wengi huwataka kwa ulinzi. Usimwongezee unga wa mifupa juu ya chakula kamili ukidhani miguu itakuwa imara. Kwa mbwa wa umbo kubwa anayekua, chokaa ya kalisi haitakiwi kuzidi asilimia 1.8 ya chakula kisicho na maji; ikizidi, mifupa huota vibaya. Na ukibadili aina ya chakula, changanya la zamani na jipya kwa siku saba hivi, ukipunguza na kuongeza.

Mke wa yule koplo sasa ana mbwa mwingine, dume. Hununua mfuko mdogo wa kilo 8 uliofungwa, huangalia tarehe mbele ya muuza duka, na nyumbani hauhamishii chakula katika ndoo. Huutumbukiza mfuko mzimamzima ndani ya ndoo yenye kifuniko, juu ya matofali mawili, mbali na ukuta. Ukiisha, hukata kile kipande chenye nambari na kukichomeka nyuma ya kalenda, hukaa pale mpaka mfuko unaofuata umalizike. Muuza duka alinung'unika mwanzoni kwamba mama huyu anasoma mifuko kama mkaguzi. Siku hizi humwekea pembeni ile yenye tarehe mpya.