Nasaba ya Mikoko ya Rufiji

Asafiriye kwa mashua kutoka Nyamisati, katika Wilaya ya Kibiti, huona kando ya mkondo ukuta wa majani usio na ufa, akadhani ni mti mmoja uliorudiwa mara elfu. Wenyeji hawadanganyiki. Wao hutenga aina nane kwa majina: mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana, mkomafi, msikundazi na kikandaa. Iliyofichika hata kwao ni tofauti iliyomo ndani ya aina moja. Maana mkoko na mkoko mwenziwe, mfano wa mtu na nduguye, haikurithi sawasawa.

Delta ya Rufiji ina hekta zipatazo 50,000 za miti hii, na hapana msitu wa mikoko uushindao kwa ukubwa katika Afrika ya Mashariki. Wadachi waliufanya hifadhi mwaka 1898, na magome yake yakauzwa kwa kutengenezea ngozi. Kabla yao na baada yao majahazi yalipakia boriti kwenda Unguja, Arabuni na Ghuba ya Ajemi. Boriti huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na mkataji hachukui ovyo: hutaka mti ulionyoka, usio na kifundo. Uliopinda huachwa, nao ndio uzaao. Ni kweli kwamba matope, upepo na chumvi pia hupinda mti. Lakini sehemu ya umbo hurithiwa, na mti mnyofu ukatwapo kabla ya kuzaa, vinasaba vyake husafiri pamoja na boriti na kuishia darini mwa mtu.

Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mama, hurefuka mfano wa mkuki, kisha huanguka. Maji yakiwa yamekupwa, yaweza kujichoma matopeni papo hapo. Yakijaa, huelea siku nyingi ikatua ugenini. Basi jirani wa mkoko aghalabu ni ndugu yake, na damu mpya huletwa na bamvua. Msitu ukikatwa vipande vipande, wageni hupungua na ndugu huzaana wao kwa wao.

Jambo hili si dogo mahali ambapo mto wenyewe hautulii. Tangu miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji baridi imeelekea kaskazini mwa delta, na huko mikoko imefyekwa kwa mpunga. Mkulima hakukosa akili: tope lile humlisha misimu kadhaa, mpaka magugu na kaa wamshinde. Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa, na mtiririko ukaingia mkononi mwa binadamu. Chumvi ikipanda au ikishuka, miti ya nasaba nyingi yaweza kuwa na baadhi ya kustahimili. Miti ya mama mmoja yaweza kufa pamoja.

Hapo ndipo upandaji wa miche unapotakiwa kutazamwa upya. Mbegu rahisi ni zile zilizoanguka chini ya mti ulio karibu na bandari. Mtu mmoja hujaza kapu kabla ya jua kupanda. Kuzitafuta kwa mama thelathini, katika vijito mbalimbali, kwataka mtumbwi, mafuta na siku nzima ya kungoja maji. Mpandaji alipwaye kwa hesabu ya miche hana sababu ya kuondoka bandarini.