Magokoro wa Milimani: Safari Yetu ya Kisii na Nyamira



Wiki hii tunawachukua mbali na bahari. Mmoja wetu ana dada aliyeolewa Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, nasi tulikwenda kumjulia hali. Tuliondoka Mombasa jioni, tukapita Nairobi, Narok na Bomet, na baada ya takriban kilomita 800 tukafika Kisii tukiwa tumejifunika buibui na shali pamoja, kwani baridi ya huko si ya mchezo. Kinachomshangaza mtu wa pwani ni kijani kibichi: migomba na majani chai yamepandwa tangu bondeni hadi kileleni. Hakuna shubiri ya ardhi iliyoachwa bure, hata ukingo wa barabara umelimwa. Tuliuona uzuri huo kwanza. Maana yake nyingine tuliielewa baadaye.

Jioni, kando ya moto, mama mkwe wa dada yetu alitusimulia habari za Moraa wa Ngiti. Kwa Kigusii bibi huitwa magokoro, na Moraa alikuwa magokoro aliyesikilizwa. Alikuwa mganga na mtabiri, na Waingereza walipoingia Gusii kwa bunduki, wakatoza kodi na kutwaa ng'ombe, yeye aliwahimiza vijana wasikubali. Mnamo Januari 1908 kijana wa jamaa yake, Otenyo, alimchoma mkuki afisa wa serikali aitwaye Northcote. Afisa huyo alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Wagusii ndio waliolipa: askari walitumwa, nyumba zikachomwa, mifugo ikatwaliwa, watu wakauawa. Otenyo naye aliuawa, na wazee husimulia mpaka leo kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza.

Tulimwambia mwenyeji wetu kwamba pwani pia tunaye mwanamke wa namna hiyo, na kwamba habari zake zinafika hadi hapo Kisii. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipita vijiji vya Wagiriama akiwalisha watu kiapo wasilipe kodi wala kutoa vijana wao kwenda kufanya kazi za Wazungu. Alikamatwa mwezi wa Oktoba pamoja na Wanje wa Mwadori, wakaletwa kufungwa huku milimani, mbali iwezekanavyo na kwao. Mwezi wa Januari 1914 walitoroka, wakarudi pwani kwa miguu. Sisi tuliokuja kwa basi na bado tukalalamika migongo, tulinyamaza tulipoitafakari njia ile.

Watawala walikuwa na jina jepesi la kumpa mwanamke wa aina hiyo: mchawi. Jina hilo liliwapunguzia kazi, kwa kuwa anayeitwa mchawi hajibiwi hoja yake. Haulizwi kwa nini anaikataa kodi. Hutafutiwa tu adhabu.

Kesho yake tulikwenda upande wa Marani, kaskazini mwa mji wa Kisii. Ni hapo ambapo, mwezi wa Oktoba 2021, kundi la watu liliwaua wanawake wanne wazee wakidaiwa kuwa wachawi. Nchi nzima ilisikitika, lakini halikuwa jambo la kwanza. Mwezi wa Mei 2008, katika eneo hili hili, watu 11 walichomwa moto kwa tuhuma kama hizo, na wengi wao walikuwa wanawake wa umri mkubwa.

Imekuwaje, tuliuliza, nchi iliyomsikiliza Moraa ikafika mahali pa kumchoma moto magokoro? Mwenyeji wetu alitazama mteremko uliolimwa kila pembe. "Angalieni hayo mashamba," alisema. "Watoto ni wengi, ardhi haiongezeki. Mjane akiishi miaka mingi juu ya shamba lake, wapo wanaomhesabia siku." Hakusema kwamba kila tuhuma ni njama, wapo wanaoamini kwa dhati, hasa ugonjwa au msiba unapoingia nyumbani bila kueleweka. Lakini imani hiyo inapomfika mwenye tamaa, huwa silaha mkononi mwake. Wazee wetu wa pwani walijua maharamia wanaovizia majahazi baharini. Huu nao ni uharamia, ila jahazi ni shamba la mjane.

Wala tusijione tumesalimika. Kilifi, wazee huuawa kwa tuhuma hizo hizo, mara nyingi na watu wa damu yao, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma kuokoa roho zao. Na katika mabaraza yetu wenyewe, ni mara ngapi tumesikia, "Yule bibi ana jicho," nasi tukaitikia kwa kichwa?

Dini yetu haikanushi uchawi. Imeuharamisha na kuuhesabu miongoni mwa madhambi saba yaangamizayo. Lakini katika hadithi hiyo hiyo Mtume (s.a.w.) ametaja kuiua nafsi bila ya haki, kula mali ya yatima na kuwasingizia uzinzi wanawake wema. Anayemchoma bibi kwa kuuchukia uchawi amekimbia dhambi moja akaiangukia nyingine. Na Suratul Hujurat imetuamrisha tuichunguze habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na tujiepushe na dhana. Tukumbuke pia kwamba Makureshi walimwita Mtume wetu mchawi. Umma ambao kipenzi chake aliitwa jina hilo haufai kulitoa kinywani kwa wepesi.

Sayyidna Umar (r.a.), akiwa khalifa, alisimamishwa njiani na Khawla bint Tha'laba, ajuza aliyemsemesha kwa muda mrefu. Waliokuwa naye walichoka kungoja. Yeye akawaeleza kwamba huyu ndiye ambaye Mola aliyasikia malalamiko yake kutoka juu ya mbingu saba. Basi Umar ni nani asimsikilize?

Tulipoaga, mama yule alitufungia majani chai na mkungu mdogo wa ndizi, akatushika mikono mmoja mmoja. Tuliporudi Mombasa, kabla ya kufungua mizigo, tulimpitia jirani yetu mmoja, bibi anayeishi peke yake na ambaye watoto wa mtaa hukatazwa kupita mlangoni pake. Tulimpelekea chai ya Nyamira. Alitukaribisha ndani, na tukakaa kumsikiliza hadi adhana ya Magharibi.

Wabillahi tawfiq.